Walicheka Uso, Wakasahau Fedha

Mwezi wa Desemba mwaka 2024, mjini New York, ulifungwa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Tammy Faye, hata mwezi mmoja haujatimia tangu ufunguliwe rasmi katika jumba la Palace. Muziki wake ulitungwa na Elton John, mwimbaji mashuhuri wa Kiingereza, na mchezo huo huo ulipoonyeshwa London mwaka 2022 ulipendwa sana. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2021, palitoka filamu juu ya maisha ya bibi yule yule, na Machi 2022 mchezaji wake mkuu, Jessica Chastain, alipewa Oscar, tuzo kubwa kupita zote za wachezaji wa filamu Marekani.

Tungeweza kuwaachia mambo haya wapenda michezo wayazungumze wenyewe. Lakini bibi huyu, aliyefariki mwaka 2007, alipata kuwa kichekesho cha taifa zima. Leo watoto wa wale waliomcheka wanalipa kiingilio ili waketi gizani wamlilie. Twaona yafaa kuuliza ni kitu gani kilichogeuka, maana yale yaliyotendeka yako pale pale, yameandikwa katika majalada ya mahakama.

Tammy Faye LaValley alizaliwa Machi 1942 huko International Falls, mji mdogo wa jimbo la Minnesota ulio mpakani na Kanada, kwenye baridi kali. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanane, nyumba ya mafukara isiyokuwa na choo ndani. Mama yake alikuwa ameachana na mumewe wa kwanza, na kwa sababu hiyo waumini wa kanisa lao wakamtenga. Msomaji na alishike neno hili, kwani tutalirudia. Binti alikulia katika dini iliyokataza rangi ya midomo na sinema, huku akimwona mzazi wake akitazamwa kwa jicho la pembeni na watu wa Mungu.

Alikwenda kusoma chuo cha Biblia mjini Minneapolis, na huko akakutana na kijana aitwaye Jim Bakker. Wakaoana tarehe 1 Aprili 1961, na kwa kuwa chuo hakikuruhusu wanafunzi kuoana, wakaondoka. Wakazunguka wakihubiri mji kwa mji, naye Bibi akiwafurahisha watoto kwa vikaragosi. Kimoja kati ya hivyo alikitengeneza kwa kifuniko cha chupa ya sabuni ya kuogea. Katikati ya miaka ya 1960 walichukuliwa na Pat Robertson, mwenye kituo cha televisheni ya Kikristo huko Virginia. Walipoachana naye mwaka 1972 walielekea California, na mwishowe wakafika Charlotte, North Carolina, ambako mwaka 1974 waliianza kazi yao iliyojulikana kwa herufi tatu, PTL.

Mafanikio yao yalikuwa makubwa kupita kiasi. Walikuwa katika watu wa mwanzo Marekani kumiliki mtandao wao wa televisheni uliotangaza kwa setilaiti mchana na usiku. Mwaka 1978 walianza kujenga huko Fort Mill, South Carolina, mji wa mapumziko wa Wakristo ulioitwa Heritage USA, uliofikia eneo la eka 2,300. Palikuwa na hoteli, maduka, ukumbi, na bwawa lenye mtelezo mrefu wa maji. Mwaka 1986 watu karibu milioni sita walifika hapo.

Na sasa tuseme habari ya fedha, maana hapo ndipo penye kesi. Kuanzia mwaka 1984 Bwana Bakker aliwatangazia watazamaji wake kwamba atakayetoa dola 1,000 atakuwa mshirika wa maisha, na kila mwaka, hata afe, atalala katika hoteli ya Heritage Grand masiku matatu bila malipo. Aliahidi kwamba ushirika wa hoteli hiyo hautapita watu 25,000. Aliuza zaidi ya 66,000. Msomaji na atwae kalamu afanye hesabu mwenyewe: watu 66,000 mara masiku matatu ni masiku 198,000, na hoteli yenyewe ilikuwa na vyumba kiasi cha 500 tu, ambavyo hata vikijaa kila usiku mwaka mzima havifiki masiku 183,000. Tena nusu ya vyumba ilikwisha ahidiwa kuwekwa kwa ajili ya wageni wa kulipa. Mtoto wa shule angeliona kosa. Jumla ya fedha zilizopatikana kwa kuuza ushirika wa namna hii, kwa hoteli hiyo na kwa majengo mengine ambayo hayakumalizika au hata kuanzwa, zilikuwa dola milioni 158 na zaidi. Kwa wengi waliozitoa, wazee waliokaa peke yao mbele ya televisheni, dola 1,000 hazikuwa fedha za mchezo.

Wala haisemeki kwamba watu hawakuonywa. Gazeti la Charlotte Observer liliandika tangu mwaka 1979 kwamba michango iliyoombwa kwa ajili ya kazi za dini katika nchi za ng'ambo ilikuwa ikitumiwa nyumbani. Halmashauri ya serikali inayosimamia utangazaji ikafanya uchunguzi wa miaka mitatu, na mambo yakaishia hapo. Wafuasi wengi waliliona gazeti kuwa chombo cha Shetani. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 1988, gazeti hilo lilipewa tuzo ya Pulitzer kwa kazi ile ile.

Machi 1987 bomu likapasuka. Bwana Bakker alijiuzulu baada ya kujulikana kwamba binti mmoja, mtumishi wa ofisi ya kanisa, ambaye alikuwa naye chumbani huko Florida mwaka 1980, alikuwa amelipwa fedha nyingi ili anyamaze. Yule binti alisema hakuridhia. Bwana Bakker alisema aliridhia. Ilikuja kuonekana kwamba fedha za kumnyamazisha zilipitia kwa mkandarasi aliyejenga Heritage USA, Bwana Roe Messner, naye akaidai PTL kwa hati ya malipo ya ujenzi ambao haukufanyika. Kwa maneno mengine, bibi kizee aliyetuma hawala yake ili apate kitanda cha kulala akizuru Heritage alikuwa anachangia kuficha aibu ya mchungaji wake pasipo kujua.

PTL ilikabidhiwa kwa Jerry Falwell, mhubiri mwingine wa televisheni, na Juni mwaka huo ikaingia katika ufilisi. Falwell alisimama mbele ya waandishi wa habari akasoma orodha ya mambo ambayo akina Bakker waliyataka kwa kuondoka: dola 300,000 kwa mwaka kwa bwana, dola 100,000 kwa bibi, nyumba, gari, na mtumishi wa nyumbani. Baadaye, ili kutimiza ahadi aliyoitoa wakati wa kuomba michango, Falwell aliteremka katika ule mtelezo wa maji akiwa amevaa suti yake na tai. Mhubiri wa tatu, Jimmy Swaggart wa Louisiana, alimwita Bakker kansa katika mwili wa Kristo. Haukupita mwaka, Februari 1988, Swaggart mwenyewe alisimama mbele ya kamera akilia machozi na kukiri dhambi, baada ya kuonekana na malaya. Swaggart alifariki Julai 2025.

Basi Marekani ikacheka. Lakini ilimcheka nani? Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watulie kidogo. Aliyefanya ulaghai wa vyumba alikuwa mume. Aliyekwenda Florida alikuwa mume. Mkewe hakushtakiwa kwa kosa lo lote katika mahakama yo yote. Walakini picha iliyobaki katika kichwa cha kila Mmarekani ni uso wa mke: kope za bandia zilizo ndefu kama fagio, wanja mzito, na machozi meusi yakitiririka mashavuni. Ziliuzwa fulana zenye mabaka ya rangi kifuani, kana kwamba mvaaji amegongana na Bibi huyo dukani. Wachekeshaji wa televisheni walivaa mawigi wakamwigiza kila wiki. Habari ya banda la mbwa lililotiwa mashini ya kupoza hewa ilienea kote; mamilioni waijuao habari ya mbwa hawajapata kusikia habari ya vyumba 500.

Sababu haiko mbali. Hesabu za udanganyifu hazichekeshi. Hakuna mchora vibonzo awezaye kuchora daftari la mapato likachekesha, ila kope ndefu hata mtoto huzichora. Tena mwanamke aliyetoka katika nyumba ya kimaskini, akapata fedha, asijue kujipamba kwa namna ya matajiri wa zamani, ndiye mtu rahisi kuliko wote kuchekwa katika nchi ile. Mwenye cheo cha wastani humcheka ili ajihesabu kuwa yeye ni mstaarabu. Nasi twadhani kicheko hicho kiliwasaidia wengi: kiliwasaidia wakurugenzi wa PTL waliotia sahihi zao chini ya marupurupu makubwa kila yalipoombwa, kiliwasaidia wakubwa wa serikali walioacha uchunguzi wa mwanzo ukafa, na kiliwasaidia wahubiri wengine wenye vituo vyao. Wakati watu wakitazama wanja, hakuna aliyewauliza hao kitu.

Kicheko kilifika hata mahakamani. Oktoba 1989 Bwana Bakker alipatikana na hatia kwa mashtaka yote 24 ya ulaghai na kula njama, naye jaji akamhukumu kifungo cha miaka 45 na faini ya dola 500,000. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ilisema hatia ni sawa, lakini ikaifuta adhabu. Jaji, alipokuwa akitoa hukumu, alikuwa amesema kwamba watu wenye dini, naye akijihesabu kati yao, wanafanyiwa dhihaka kwa sababu ya wahubiri wenye uchu wa fedha. Majaji wa rufani waliona kwamba mtu asifungwe miaka mingi zaidi kwa sababu dini ya jaji imechekwa. Adhabu ikapunguzwa ikawa miaka 18, halafu minane, na mwaka 1994 Bakker akatoka gerezani, akiwa ametumikia miaka karibu mitano.

Twarudi kwa Bibi. Mwaka 1987 alikuwa ametoka kutibiwa kwa kuzoea dawa za hospitali kupita kiasi. Nyumba ikaenda, kazi ikaenda, marafiki wa kanisani wakaenda. Kwa muda alijaribu kuendesha huduma ndogo huko Florida wakati mume yu kifungoni. Mwaka 1992 akataka talaka. Yeye, binti wa mama aliyetengwa kwa sababu ya talaka, sasa alikuwa mtalaka mbele ya watu wale wale. Oktoba 1993 akaolewa na Roe Messner, yule yule mkandarasi, na mwaka 1995 Messner naye alipatikana na hatia ya udanganyifu katika ufilisi wake. Akafungwa. Mwezi wa Machi 1996, Bibi Tammy Faye aliambiwa na madaktari kwamba ana kansa ya utumbo mpana.

Mtu mwingine angejificha. Yeye mwaka huo huo wa 1996 alikuwa ameketi tena kwenye televisheni, katika kipindi cha mazungumzo, pamoja na mchekeshaji Jim J. Bullock, mwanamume asiyeficha kwamba huwapenda wanaume wenzake. Kanisa la zamani halikumwita tena. Waliomwita walikuwa watu wa namna hiyo. Aliitikia mialiko yao, akaenda katika sherehe zao, akasimama na wanja wake vile vile, akawaimbia nyimbo za dini. Mwaka 2000 watengenezaji wawili wa filamu, Fenton Bailey na Randy Barbato, walitoa filamu ya habari za kweli juu yake, na sauti ya kusimulia ikawa ya RuPaul, mwanamume mashuhuri kwa kucheza akiwa amevaa mavazi ya kike. Filamu hiyo ndiyo iliyoanza kuigeuza nchi.

Kwa nini watu hao wamwendee mhubiri, wakati wahubiri ndio waliokuwa wakiwalaani? Jibu lake ni la mwaka 1985, kabla ya kashfa, wakati Bibi huyu alipokuwa bado juu kileleni asiwe na haja ya huruma ya mtu. Novemba mwaka huo, UKIMWI ulipokuwa bado ugonjwa wa kutajwa kwa kunong'ona, miezi miwili tu tangu Rais Reagan ajibu swali juu yake hadharani, Tammy Faye alizungumza katika kipindi chake na Steve Pieters, mchungaji mwenye UKIMWI, tena mpenda wanaume. Pieters alikuwa mbali, wakionana kwa setilaiti. Bibi alimwuliza maswali mengine ya kijinga, kama aulizavyo mtu asiyejua. Lakini alilia, akawaambia watazamaji wake, Wakristo wa kihafidhina wa nchi nzima, kwamba ni huzuni kubwa ikiwa wao waitwao kuwapenda watu wote wanaogopa kumkumbatia mgonjwa huyu. Falwell wakati huo alikuwa akihubiri kwamba ugonjwa ule ni ghadhabu ya Mungu. Pieters aliishi hadi mwaka 2023, na hakuacha kuisimulia siku ile.

Tumesema hayo kwa sababu ni haki yake. Haki nyingine ni ya wale waliodanganywa, na hapa hatukubaliani na wale wanaotaka kumfanya mtakatifu. Bibi huyu alikaa miaka mingi kando ya mumewe katika kipindi kile, fedha zikiombwa kila siku. Marupurupu yalikuwa ya nyumba nzima. Nguo, nyumba, magari, vyote vilitoka katika bahasha za wale wazee. Inawezekana kabisa kwamba hakujua hesabu za hoteli. Lakini alijua kwamba fedha zinatoka kwa watu wasio na kitu, kwa sababu barua zao alizisoma mbele ya kamera na kuzililia. Katika miaka yake ya baadaye aliongea mengi juu ya kusamehe, na alimsamehe Falwell na wengine kwa moyo mweupe. Juu ya washirika wa dola 1,000 hakuongea mengi kiasi hicho. Wanaomsifu kwa ujasiri wake mbele ya kansa, nasi tu pamoja nao, wasiufanye ujasiri huo kuwa stakabadhi ya deni la watu wengine.

Mumewe wa kwanza, kwa upande wake, mwaka 1996 alitoa kitabu cha kukiri makosa yake, akasema mahubiri ya utajiri aliyokuwa akiyahubiri hayakuwa sahihi. Wengi walimwamini. Mwaka 2003 alirudi kwenye televisheni huko Missouri, na baada ya muda akawa anauza ndoo za chakula cha akiba kwa ajili ya siku za mwisho wa dunia. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, katika kipindi chake ikauzwa dawa ya maji yenye madini ya fedha, huku mgeni wake akidai inaweza kuviua virusi vya namna hiyo. Serikali ya jimbo ikamshtaki, na mwaka 2021 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kuwarudishia wanunuzi kiasi cha dola 156,000. Safari hii hapakuwa na uso wa kuchekwa, na habari ikapita haraka.

Pengine msomaji atasema hayo ni ya Wamarekani. Lakini katika miji yetu pia televisheni za wahubiri zimejaa, na namba ya kutumia fedha kwa simu hupita chini ya kioo wakati wa sala. Akianguka mmoja wao, twaona desturi ni ile ile: picha huchezewa, mavazi huchekwa, mkewe hutafutwa kwa kila tusi, vijana huigiza sauti yake. Ukiuliza waliotuma fedha ni wangapi, kiasi gani, na nani alikagua, utaambiwa huo ni uchoshi.

Julai 2007 Tammy Faye alihojiwa kwa mara ya mwisho na Larry King. Uzito wake ulikuwa umebaki ratili 65, yaani kiasi cha kilo 29. Sauti ilikuwa imekauka, naye alikuwa amepaka rangi na kuvaa kope zake kama siku zote. Mahojiano yalitangazwa tarehe 19. Tarehe 20 alikufa nyumbani kwake Missouri, akiwa na umri wa miaka 65. Falwell alikuwa ametangulia mwezi wa Mei mwaka huo.

Hoteli ya Heritage Grand ilinunuliwa mwaka 2004 na kanisa jingine. Karibu nayo ulikuwapo mnara wa ghorofa 21, ambao maelfu ya washirika waliahidiwa vyumba ndani yake kwa fedha walizolipa kabla. Zaidi ya miaka 30 tangu wajenzi waondoke, mnara huo ulikuwa bado umesimama pale, haujamalizika, wala hakuna mgeni aliyepata kulala humo hata usiku mmoja.